Je, raja na rajas ni neno moja?

Falsafa ya Wahindu inasema maumbile yote yamesukwa kwa guna tatu: sattva, yaani nuru na utulivu, rajas, hamu na mwendo, tamas, giza na uzito. Guna kwa asili ni uzi, ule unaosokotwa na wenzake mpaka ukawa kamba. Ndiyo maana hakuna kitu chenye guna moja peke yake.

Ukifika kwenye rajas, unamkumbuka raja, mfalme kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Nami kwa miaka niliamini cheo hicho kimetokana na sifa hiyo, maana mfalme ni mtu wa hamu na vitendo. Maelezo matamu, lakini si kweli.

Kwanza sikiliza irabu. Raja hutamkwa kwa kuvuta, raajaa, rajas haivutwi. Sisi wenye kufa na kufaa tunajua mvuto huo unavyobadili mambo. Raja limetoka kwenye mzizi wa kunyoosha na kuongoza, na ndugu yake wa Kilatini ni rex, mfalme. Rajas katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Wahindu, ni anga. Baadaye likawa pia vumbi, kisha hamu inayomtia mtu ukungu machoni. Wanaisimu wengi hulilinganisha na Erebos la Kigiriki, giza la kuzimu.

Zilifananaje basi? Chukua thamani na samani. La kwanza ni la Kiarabu, bei. La pili linatoka upande wa Uajemi na India, vitu vya nyumbani. Wengi wetu th hutugeukia s, na maneno mawili yasiyo na undugu yakawa sauti moja. Kisanskriti kilipitia hayohayo: irabu e, o na a za lugha mama, ile ya kale iliyozaa Kisanskriti, Kilatini na Kigiriki, zote zikawa a, na sauti mbili tofauti za ukoo wa g zikaishia j. Kilatini hakikuziyeyusha, ndiyo maana rex ikinyambuliwa unaisikia g: regis.

Wahindi wenyewe waliyaunganisha maneno raja na rajas zamani sana. Mshairi Kalidasa aliandika kwamba mfalme huitwa raja kwa kuwafurahisha raia, akitegemea kitenzi ranj, kupaka rangi au kufurahisha. Wanasarufi wa kale walikitumia kitenzi hichohicho kueleza rajas. Kwa raja, hesabu ya sauti inakataa. Lakini ranj ana jamaa tunayemtaja kila siku: rangi, neno lililotufikia kupitia Kiajemi.