Je, wajua kwa nini turbo, ile feni inayozungushwa na moshi na kushindilia hewa kwenye injini, na kabureta, chombo cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, hazipikiki chungu kimoja?

Chukua injini ya lita 2 yenye silinda nne. Kila silinda inameza nusu lita ya hewa. Hewa ya kawaida, ya nyuzi 20 na presha ya kilopaskali 100, ina uzito wa gramu 0.6 hivi kwa nusu lita, na inataka gramu 0.04 za petroli ili vyote viungue. Sasa turbo isukume hadi kilopaskali 200. Hata kama hewa bado ina nyuzi 60 baada ya kupita kwenye intakula, ile rejeta ya kupooza hewa, nusu lita ile ile imebeba zaidi ya gramu 1. Petroli inayotakiwa, pamoja na nyongeza ya kupooza chumba cha moto, inafika karibu gramu 0.09. Injini inazunguka kwa kasi ile ile na mguu wa dereva huenda haujasogea, lakini mahitaji yamezidi mara mbili.

Kabureta haina njia ya kuliona hilo. Yenyewe haipimi uzito wa hewa, inategemea mfyonzo. Hewa ikipita kwenye koo jembamba presha inashuka, na petroli inanyonywa kupitia tundu la jeti. Hewa ikiwa nzito maradufu kwa kasi ile ile, mfyonzo nao unakuwa maradufu, ila petroli inayopita kwenye tundu haifuati mfyonzo moja kwa moja. Inafuata kipeuo chake cha pili, yaani inaongezeka mara 1.4 tu. Ulianza na sehemu 12.5 za hewa kwa moja ya petroli? Turbo ikishika unajikuta kwenye 17.7, na mchanganyiko wa namna hiyo chini ya mzigo unayeyusha pistoni. Sababu ni ile ile inayofanya kabureta imwage petroli kupita kiasi gari likipanda milima mirefu, ila huku imegeuka upande.

Watengenezaji waliijua shida hiyo na wakaizunguka kwa mbinu. Maserati Biturbo ya 1981 na Renault 5 GT Turbo ya 1985 zilikuwa na kabureta iliyopulizwa na turbo, zikiwa na njia za ziada za kuongeza petroli presha inapopanda. Porsche 911 Turbo na Saab 99 Turbo zilitumia K-Jetronic, mfumo wa Bosch wa kupuliza petroli ulioanza 1973. Humo hewa inanyanyua bati, bati linasukuma plunja (kijiti kinachofungulia petroli njia), na petroli inapulizwa mfululizo. Ni mashine nzuri, lakini bati likishafika juu kabisa, petroli ya ziada haitoki tena, hata turbo iendelee kupuliza. Ajabu ni kwamba kupima kwa umeme presha ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, si jambo jipya: D-Jetronic ya Bosch ya 1967 ilifanya hivyo hivyo.

Mfumo wa kisasa wa namna hiyo unaangalia mambo matatu: presha kamili ndani ya manifoldi, joto la hewa, na kasi ya injini. Kutoka hapo kompyuta inakadiria uzito wa hewa, kisha inafungua nozeli, vile vali vya umeme vinavyopuliza petroli, kwa milisekunde zinazohitajika. Hesabu ni nyepesi. Kazi iko kwenye bomba na nyaya, na huko ndiko injini nyingi zinakoungulia.

Ukitaka kugeuza gari la kabureta liwe la turbo na nozeli, anza na nozeli zenyewe. Injini ya turbo ya petroli huteketeza karibu gramu 270 kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Ukilenga nguvu-farasi 200, hiyo ni kilo 54 kwa saa, au mililita 1,225 hivi kwa dakika. Gawa kwa nozeli nne upate 306. Nozeli haitakiwi kukaa wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, kwa hiyo gawa tena kwa 0.8: inakuja 383. Nunua za mililita 400 hadi 440. Kishawishi cha kufunga za 1,000 "ili baadaye nisibadilishe" kinaleta adhabu yake injini isipokanyagwa mafuta, kwa sababu nozeli kubwa inalazimika kufunguka kwa muda mfupi mno na kipimo chake kinayumba. Angalia pia ukinzani wake. Za omu 12 hadi 16 zinaendeshwa na kompyuta yoyote, lakini za omu 2 au 3 zinahitaji kompyuta yenye uwezo wa kudhibiti mkondo, au rezista, la sivyo utaunguza saketi.

Pampu ya zamani ya kabureta inatoa bar 0.2 au 0.3 (bar 1 ni kilopaskali 100). Nozeli zinataka bar 3 zaidi ya presha iliyomo kwenye manifoldi, na neno "zaidi ya" ndilo la kushika. Regyuleta, kidhibiti cha presha ya petroli, inaunganishwa na manifoldi kwa mpira mwembamba. Injini ikitulia, manifoldi ikiwa na kilopaskali 40, geji ya petroli isome bar 2.4. Turbo ikitoa bar 1 juu ya hewa ya kawaida, isome bar 4. Mpira huo ukichomoka au ukipasuka, presha haipandi pamoja na turbo, na petroli inapungua pale pale inapohitajika kuliko wakati wowote. Ufunge kwa kleimpu ndogo, wala usiugawane na kifaa kingine. Pampu nayo isihukumiwe kwa namba ya kwenye boksi, maana kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyotoa kidogo. Kwa mfano wetu injini inakunywa lita 74 kwa saa, kwa hiyo tafuta pampu inayotoa lita 110 au zaidi ikiwa kwenye bar 4, na umeme wake upite kwenye rilei inayokatwa na kompyuta injini inapozima.

Tanki la gari la zamani mara nyingi halina vizuizi vya ndani. Kwenye kona ndefu, petroli ikiwa robo tanki, inakimbilia upande mmoja na pampu inafyonza hewa. Kabureta ilivumilia hilo kwa sababu ilikuwa na akiba kwenye bakuli lake. Nozeli hazina akiba, sekunde moja ya hewa zinaihisi. Tiba ni kikopo cha lita 1 hadi 1.5 kinachojazwa na pampu ndogo ya presha ya chini, na pampu kubwa inyonye kutoka humo. Mipira yote ya petroli ya kabureta itolewe. Weka ya daraja la SAE J30R9, na kleimpu za mkanda laini, si zile zenye meno zinazochana mpira. Mpira wa zamani kwenye bar 4 hautoi onyo kabla ya kupasuka, na petroli itakayoruka iko sentimita chache kutoka kwenye turbo yenye moto mwekundu.

Upande wa umeme, kompyuta lazima ijue kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, iko wapi. Gurudumu la meno 36 lenye pengo la jino moja, au 60 lenye mapengo mawili, linafungwa kwenye puli ya mbele, na sensa inakaa umbali wa milimita 0.5 hadi 1. Gurudumu likiyumba, pengo hilo linabadilika na ishara inapotea kwenye kasi kubwa. Wapo wanaobakiza distribyuta ya zamani, ile inayogawa cheche kwa plagi. Inawezekana, lakini gia zake zikilegea taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, inacheza nyuzi kadhaa, na kwenye turbo nyuzi hizo ni hatari. Koili inayochoma plagi mbili kwa pamoja haina gia ya kulegea.

Waya wa sensa ya kranki uwe na ganda la kuzuia mwingiliano, na ganda hilo liungwe ardhini upande mmoja tu, upande wa kompyuta. Ardhi ya kompyuta ipelekwe kwenye bloku ya injini. Ardhi za sensa zirudi kwenye kompyuta zenyewe, zisifungwe kwenye bodi ya gari, la sivyo joto na presha vitasomeka vingine kila koili inapochaji.

Sensa ya joto la hewa ikae baada ya intakula. Sensa ya oksijeni, ile pana inayosoma mchanganyiko kwa namba, ikae kwenye bomba la moshi angalau nusu mita baada ya turbo, ikiinama nyuzi 10 au zaidi ili maji yasiifikie. Ukiiweka kabla ya turbo, presha ya moshi itaipotosha. Tundu dogo kwenye gasketi ya ekzosi kabla ya sensa hiyo linaingiza hewa, na utaongeza petroli bila sababu.

Kabla ya kugusa jedwali la petroli, lile linaloiambia kompyuta petroli ya kila kasi na presha, funga taimingi kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, ndani ya programu, kisha mulika puli kwa taa ya taimingi. Alama isome 10. Ikisoma 10 injini ikitulia kisha ikatembea kadiri kasi inavyopanda, mara nyingi nyaya mbili za sensa ya sumaku zimegeuzwa. Hitilafu hii ndiyo inayoua injini kimyakimya, kwa kuwa skrini itaonyesha namba nzuri huku cheche ikitoka wakati mwingine kabisa.

Jambo linalosumbua watu na halisemwi vya kutosha ni muda ambao nozeli inachelewa kufunguka. Kwenye volti 14 ni karibu milisekunde 1, na umeme ukishuka unarefuka. Ikiwa nozeli inaamriwa milisekunde 2.5 injini ikitulia, petroli inatoka kwa 1.5 tu. Washa taa na feni, volti zishuke, ucheleweshaji uongezeke kwa 0.3, na umepoteza sehemu ya tano ya petroli. Injini inatetemeka na kuzima, fundi anahangaika na jedwali kwa siku mbili, kumbe kilichokosekana ni jedwali la volti la nozeli hizo.

Upimaji uanze bila turbo kushika: sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli kwenye mwendo wa kawaida, kisha ongeza mzigo taratibu. Safu za jedwali zilizo juu ya kilopaskali 100 zijaze petroli nyingi mapema, zikilenga 11.5 hadi 12, na cheche irudishwe nyuma nyuzi 10 hivi kufikia bar 0.7. Weka mkato wa petroli bar 0.2 juu ya presha unayolenga. Vuta, yaani kanyaga mafuta hadi mwisho, mara moja kwa gia ya tatu, achia, soma rekodi, ndipo uvute tena. Nozeli zikikaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda kabla ya kasi ya juu, au presha ya petroli ikianza kuachwa nyuma na ya turbo, acha kuvuta na rudi kwenye pampu, filta na mipira.