Je, wajua MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, huonaje vumbi la metali kwenye nyonga bandia?

Mpelekee fundi baiskeli wa Ngamiani gurudumu linalokwaruza. Atafungua ekseli, atamwaga gololi kwenye kisahani, na grisi itatoka nyeusi tii. Weusi ule ni chuma kilichosagika.

Nyonga bandia nayo husagika, hasa ile ambayo kichwa na kikombe chake vyote ni kobalti na kromiamu. Aina moja, ASR ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni mwaka 2010. Vumbi lake ni laini kuliko bakteria, na mwili ukilikataa, maji hujaa kwenye kiungo, uvimbe huota, misuli huharibika. Wapo wagonjwa wasiosikia maumivu yoyote, na hilo ndilo linalonitia hofu. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini uvimbe laini kama huo huukosa; hapo ndipo MRI inapohitajika.

Shangazi yangu wa Chumbageni, mwenye nyonga bandia, aliniuliza: "Mwanangu, lisumaku lote lile halitaning'oa chuma changu?" Halikung'oi, shangazi. Metali hizi hazivutwi kama msumari, tena zimeshikana na mfupa. Ila waambie wahudumu kabla hujaingia.

Kazi iko kwenye picha. MRI husikiliza hidrojeni ya maji na mafuta mwilini. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), hidrojeni huitika kwa megahezi 64 hivi, na tofauti ndogondogo za mwitiko ndizo zinazoiambia mashine sauti imetoka wapi. Metali hupotosha nguvu ya sumaku iliyo jirani nayo, basi sauti za hapo hupachikwa pasipo pake. Picha hubaki na shimo jeusi lenye kingo nyeupe, palepale tunapotaka kuchungulia.

Dawa yake ni kupokea masafa mapana na kukata picha vipande vyembamba. Mbinu za SEMAC na MAVRIC huenda mbali zaidi: hukusanya hata sauti zilizopotoka na kuzirudisha kwao. Sumaku ya tesla 3 hapa si bora, upotoshaji huongezeka.

Hata hivyo, chembe moja moja haionekani. Kinachoonekana ni jibu la mwili: mfuko wa maji, utando ulionenepa, na madoa meusi pale metali iliporundikana.

Nilipomaliza, shangazi alifungua sanduku akaanza kutafuta karatasi za upasuaji, ajue nyonga yake ni ya aina gani.