Maana ya "kuyumba" kwa pikipiki kubwa ya safari ndefu

"Inayumba" ndilo neno ambalo dereva hulitamka anapoingiza pikipiki gereji, na mara nyingi hana neno la pili la kuongeza. Kwa bodaboda ya cc 125 neno hilo linatosha, kwa kuwa fundi ataishika pikipiki kwa mikono miwili, ataitikisa, na kwa kawaida ataona palipolegea. Pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye uzito wa kilo 350 au zaidi kabla mtu hajaipanda, yenye masanduku matatu, kioo kipana cha kukinga upepo na abiria nyuma, ni habari nyingine kabisa. Katika pikipiki ya namna hiyo kuyumba ni dalili tu, na kama tunavyoambiwa kila mara zahanati kwamba si kila homa ni malaria, ndivyo ilivyo hapa: fundi anayebadilisha tairi kwa kusikia neno "inayumba" anatibu homa bila kupima damu.

Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp alionyesha kwa hesabu kwamba pikipiki ina miyumbo ya asili iliyo tofauti, na miwili kati yake ndiyo inayotuhusu. Wa kwanza tuuite kutetema. Hapa kinachocheza ni sehemu ya mbele peke yake: gurudumu, shokapu na usukani hugeuka kushoto na kulia kwa haraka, kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde, na dereva huuhisi mikononi kabla ya mahali pengine popote. Hutokea zaidi katika mwendo wa kati, yaani kilomita 60 hadi 80 kwa saa, hasa dereva anapoachia mafuta ili mwendo upungue wenyewe. Wa pili ni kupepesuka, ambapo pikipiki nzima hulala upande huu na ule huku sehemu ya nyuma ikifagia barabara kama mkia wa samaki, polepole zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Huu ni ugonjwa wa mwendo mkubwa, na dereva huuhisi kiunoni kuliko mikononi. Maswali ya kumuuliza dereva, basi, ni haya: kilianza kucheza kipi, katika mwendo gani, na pikipiki ilikuwa imebeba nini?

Kabla ya kufungua nati yoyote, ni lazima kuondoa kisingizio cha upepo wa ziwa. Anayevuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa takriban kilomita 3, hukata Ghuba ya Mwanza kutoka mashariki kwenda magharibi bila kilima wala mti wa kumkinga, na upepo unaopita juu ya maji humpiga ubavuni. Pikipiki yenye kioo kirefu na sanduku la juu hupokea upepo huo kama tanga la mtumbwi. Lakini upepo husukuma bila mpangilio na hutulia mtu akishafika nchi kavu, ilhali kutetema na kupepesuka kuna mapigo yanayohesabika, na huonekana hata kwenye lami iliyonyooka siku ambayo majani hayatikisiki.

Mzigo ni jambo la pili, na katika hili watu wa Mwanza hawahitaji mwalimu. Kila mtu amewahi kumwona bodaboda aliyefunga magunia ya mkaa nyuma ya kiti, usukani ukiwa mwepesi mno kiasi kwamba pikipiki inatafuta njia yake yenyewe. Sanduku la juu la pikipiki kubwa hufanya kosa lile lile kwa adabu zaidi: limekaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo kila kilo inayoongezwa humo huongeza mzigo nyuma na papo hapo huinua kidogo sehemu ya mbele. Vitu vizito, kama spana na maji, vihamishiwe kwenye masanduku ya pembeni, chini na karibu na dereva, kisha pikipiki ijaribiwe tena. Mara nyingine safari ya gereji huishia hapo.

Upepo wa tairi hupimwa asubuhi, kabla pikipiki haijatembea. Pikipiki nyingi za aina hii hutaka takriban psi 36 mbele na 40 hadi 42 nyuma, ingawa kauli ya mwisho ni ya kibandiko cha mtengenezaji. Kubonyeza kwa dole gumba, desturi ya mabanda yetu mengi ya pancha, hakutofautishi 28 na 40 katika tairi nene kama hilo. Mkono upitishwe pia juu ya uso wa tairi. Tairi la nyuma lililotembea sana kwenye barabara zilizonyooka, kama ile ya Shinyanga, huisha katikati na kuwa bapa, na la mbele huweza kupata mawimbi yanayosikika kwa kiganja kabla ya kuonekana kwa macho. Umri husomwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kiungo kinachostahili subira kuliko vyote ni beringi za shingo ya usukani. Niliwahi kusimama kando ya fundi mmoja Igoma aliyeinua sehemu ya mbele ya pikipiki ya msafiri kwa jeki iliyowekewa kipande cha ubao chini ya injini, hadi gurudumu likaning'inia. Alishika shokapu za mbele karibu na ekseli, akavuta na kusukuma. Kukasikika mlio mdogo wa kugonga, "tok", kama mlango usiofungwa vizuri. Kisha akauachia usukani ujiendee wenyewe upande mmoja. Ulipofika katikati ulisita, ukakaa, kana kwamba kuna kijishimo. Na kweli kilikuwepo: beringi zinazokaa muda mrefu katika mwelekeo mmoja huchimba vishimo mahali pale pale, na usukani hauwezi tena kufanya masahihisho madogo ambayo pikipiki huyafanya yenyewe kila sekunde. "Kaka, hizi nikizikaza utaniona mchawi," alisema, akimaanisha kwamba kukaza kungeondoa mlio huo na kuleta ugonjwa mwingine. Beringi zilizolegea huruhusu kutetema. Zilizokazwa kupita kiasi huifanya pikipiki ipepesuke hata katika mwendo wa polepole, dereva akiirudisha kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango. Zilizochimbika hazikazwi, hubadilishwa.

Nyuma, kipimo ni kile kile: gurudumu likiwa hewani, lishikwe juu na chini kwa ajili ya beringi zake, kisha ushikwe mkono unaolibeba, ule ambao mafundi huuita swingi amu, na kusukumwa ubavuni. Mchezo wowote hapo huleta kupepesuka. Kuna pikipiki, kama zile za Harley-Davidson za safari zilizoanza mwaka 1980 kwa muundo wa FLT, ambazo mkono huo umeshikwa na giaboksi, na injini yote imekaa juu ya mipira. Mpira ukichoka, gurudumu la nyuma hupoteza mstari wake bila beringi hata moja kuharibika. Shokapu ya nyuma inayovuja mafuta nayo haifai kusamehewa.

Kujaribu kutetema kwa kuachia usukani barabarani ni ujinga ambao sitaueleza. Kukitokea, dereva alegeze mikono bila kuachia, apunguze mafuta taratibu, wala asikamate breki ghafla.

Kila kinachorekebishwa kijaribiwe peke yake. Yule msafiri wa Igoma alibadilishiwa beringi za shingo, akaenda hadi Kisesa na kurudi. Pikipiki sasa ilinyooka, ila mikono bado ilitetema kidogo kila alipoachia mafuta. Fundi akapitisha tena kiganja juu ya tairi la mbele, akayakuta mawimbi.