Gari limebiringika mara sita dereva katoka mzima: hapo kuna hesabu, sio bahati tu

Kila msimu wa mbio ukifunguka kule Marekani simu yangu inajaa klipu, gari la sprinti (gari dogo la mbio za udongo) linapaa, linabiringika mara tano mara sita, bawa linachanika, tairi zinatawanyika, vumbi likitulia dereva anafungua mkanda anatoka anapungia watu mkono, na chini mtu kaandika "huyu mama yake alimuombea". Sawa, dua haikatazwi. Ila mimi kazi yangu kwenye taasisi yetu ni kufundisha watu jinsi mwili unavyoumia kwenye ajali, na kuna kitu wengi wanakielewa kinyume kabisa: ile ajali inayotisha macho mara nyingi ndo dereva anatoka anatembea, na ile fupi ambayo gari limegonga mara moja likatulia ndo ya kuogopa.

Naandika hasa kwa ndugu zetu wanaoishi karibu na hizi mbio. Des Moines, Iowa kuna Wakongo na Warundi wengi wanaoongea Kiswahili, na kutoka pale mpaka Knoxville, ule mji unaofanya Knoxville Nationals mwezi Agosti tangu 1961, hata saa nzima haifiki kwa gari. Vijana wanaenda, wanapenda, wengine washaanza kuuliza mtu anaanzaje kuendesha. Sio kwamba nataka kumkataza mtu, nataka aingie akijua.

Kwanza mjue hili gari ni kitu gani, maana sio gari la kawaida lililotolewa viti. Daraja la juu linatumia injini ya V8 ya inchi za ujazo 410, yaani kama cc 6700, inatoa nguvu za farasi kama 900, na gari zima lina uzito wa kilo 640 hivi. Linganisha na Vitz ya cc 1000 yenye farasi 70 hivi na bado ni nzito kuliko hiyo sprinti. Halina klachi, halina stata, linasukumwa na gari lingine ndo liwake. Linakunywa methanoli. Dereva anakaa wima kabisa na propela (chuma kinachopeleka nguvu ya injini nyuma) inapita katikati ya miguu yake. Juu kuna bawa kubwa la kulikandamiza chini, nyuma tairi la kulia ni kubwa kuliko la kushoto ili likate kona za kushoto vizuri, na njia yenyewe ni udongo. Pale Knoxville mzunguko ni nusu maili, kama mita 800, na gari la mbele linaumaliza kwa sekunde 15 au 16. Sasa weka gari 24 kwenye hizo mita 800, zote tairi zake ziko nje hazina matagadi.

Hapo kwenye tairi kuwa nje ndo chanzo cha kupaa. Angalia tairi linavyozunguka: upande wake wa mbele unashuka, upande wa nyuma unapanda. Kwahiyo tairi la mbele la gari linalofuata likigusa mgongo wa tairi la nyuma la gari lililotangulia, lile lililotangulia linamnyanyua mwenzake kama ngazi ya umeme. Dereva hajakosea kitu kikubwa hapo, wamegusana kidogo tu, na gari tayari liko hewani. Ndo maana kwenye huu mchezo kupinduka sio jambo la ajabu, mtu akiendesha miaka kadhaa atapinduka, na gari limetengenezwa kwa kujua hivyo.

Sasa twende kwenye hesabu, msiogope ni fupi. Gari likiwa kilomita 160 kwa saa likasimama ndani ya mita 1, mwili unapata msukumo wa kama g 100 (g 1 ni uzito wako wa kawaida), maana yake mtu wa kilo 70 kwa kitambo kidogo sana anabeba nguvu ya tani 7. Kichwa na helmeti ni kama kilo 6, hapo shingo inaambiwa ishike kilo 600. Haiwezi. Gari hilohilo kwa spidi ileile likibiringika kwa mita 40 ndo lisimame, wastani unashuka mpaka g 2.5 hivi. Ni kweli kila likigonga chini kuna pigo lake kali kuliko huo wastani, lakini nguvu imegawanywa vipande vipande, bawa limekula kidogo, ekseli imekula kidogo, tairi likiruka limeondoka na lake. Ile fujo yote mnayoiona ndo nguvu inatoka nje badala ya kuingia kifuani kwa mtu. Adui ni kusimama ghafla, na sprinti pua yake ni fupi, fremu ni ngumu, haina bodi ndefu ya kujikunja kama gari la nyumbani.

Ndo maana napenda watu wasome vifo vilivyotokea, kwa heshima, sio kwa umbea. Jason Leffler alifariki tarehe 12 Juni 2013 kwenye uwanja wa Bridgeport, New Jersey, na kilichomuua ni jeraha la shingo. Jason Johnson, bingwa wa Knoxville Nationals wa 2016, alipata ajali Beaver Dam, Wisconsin tarehe 23 Juni 2018 akiwa anapigania uongozi, kesho yake akafariki. Miezi mitatu haijaisha Greg Hodnett naye akafa kwenye mbio Pennsylvania. Hawa sio watoto waliokuwa wanajifunza, ni watu waliokuwa wanaishi kwa kuendesha. Na Bryan Clauson, kijana wa miaka 27, mwaka 2016 alishaendesha Indianapolis 500, zile mbio kubwa za Marekani, halafu mwezi Agosti akiwa anaongoza mbio za midjeti kule Belleville, Kansas (midjeti ni mdogo wake sprinti) gari likapinduka halafu likagongwa na lingine likiwa limeshasimama. Alikuwa amejiandikisha kutoa viungo, watu 5 wakapata uhai kutoka kwake, na familia yake mpaka leo inahamasisha watu kujiandikisha. Kila nikifundisha habari yake nanyamaza kidogo kwanza.

Shingo sasa. Mikanda ikishika mabega vizuri, mwili unabaki, kichwa kinaendelea na safari. Misuli na kano za shingo zinavuta chini ya fuvu mpaka pale linapokaa juu ya uti wa mgongo panavunjika, na mishipa mikubwa ya damu iko hapohapo. Aina hiyo ya jeraha ndo ilimuua dereva maarufu Dale Earnhardt kwenye mbio za Daytona tarehe 18 Februari 2001, na mwaka huohuo NASCAR, wasimamizi wa mbio kubwa za magari Marekani, ikalazimisha kifaa cha kushika kichwa. Cha kuumiza ni kwamba dawa ilikuwepo zamani. Robert Hubbard, profesa wa Michigan, na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva walianza kutengeneza kifaa hicho, kinaitwa HANS, miaka ya 80 mwanzoni baada ya rafiki yao kufa kwenye ajali ya 1981. Miaka ishirini madereva wanaikataa, wanasema inabana, inawasha, huwezi kugeuka. Ni kola ngumu inakaa mabegani chini ya mikanda, ina kamba mbili zinashika helmeti, basi, kichwa kinasimama pamoja na mwili.

Lakini HANS peke yake kwenye sprinti haitoshi na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwasababu inafanya kazi yake hasa pigo likitoka mbele, na gari linalobiringika linapigwa kutoka kila upande. Pigo la ubavuni linazuiwa na kiti. Kiti kizuri cha alumini kina mbawa zinazokumbatia kichwa, kina vishikio vya mabega na mbavu, na kimefungwa kwenye fremu yenyewe sio kwenye kibati cha sakafu. Ile sponji ya pembeni ya kichwa inatakiwa iwe ngumu ya kazi hiyo, usikate godoro ukaweka, sponji laini inabonyea mara moja inaisha halafu kichwa kinakutana na chuma. Mkanda wa kiunoni ukae chini kwenye mifupa ya nyonga, sio tumboni, ukikaa tumboni unapasua utumbo (hii hata kwenye gari lako la kwenda kazini, na mama mjamzito mkanda unapita chini ya tumbo). Mikanda ya katikati ya miguu inazuia usiteleze chini, na gari likiwa miguu juu ndo utajua kama ulifunga kwa nguvu au ulifunga kwa aibu.

Mikono inafungwa kamba fupi zinazoshikana na kifungo cha mkanda, ili gari likibiringika mkono usitoke nje ya keji (mabomba ya chuma yanayomzunguka dereva) ukasagwa, na ukifungua kifungo kamba zinaachia zenyewe. Miguu ni shida yake nyingine. Tony Stewart, bingwa mara 3 wa NASCAR, alivunjika mifupa yote miwili ya mguu wa kulia chini ya goti kwenye sprinti pale Oskaloosa, Iowa, Agosti 2013, msimu wake wote ukaishia hapo. Nafasi ya miguu ni ndogo, injini iko mbele, propela iko katikati. Pedali ya mafuta nayo ina kitanzi cha kushika ncha ya kiatu, pedali ikiganda kwa tope dereva anaivuta irudi kwa mguu. Kitanzi hicho ni kidogo sana ukikiangalia, na kimeokoa watu wasiingie ukutani mafuta yakiwa wazi.

Ukishasimama, kaa ndani. Moto tu ndo unakuruhusu kutoka kabla waokoaji hawajafika. Agosti 2014 kule Canandaigua, New York, Kevin Ward Jr. mwenye miaka 20 alishuka kwenye gari lake lililogonga akatembea kuelekea njia ya gari zinazopita akagongwa akafa, na ndani ya wiki moja NASCAR ikaweka sheria ya kubaki ndani ya gari. Usiku, taa za uwanjani, nguo nyeusi, vumbi, dereva anayepita anaangalia kona. Hakuoni.

Kuhusu moto, methanoli mchana haionekani ikiwaka. Hakuna moshi, hakuna mwanga, unaona mtu anajipigapiga anaruka hujui nini kinamsumbua. Uzuri wake inachanganyika na maji kwahiyo maji mengi yanaizima, tofauti na petroli. Mtu wa timu akikaribia gari lililopinduka afikirie kwamba linawaka mpaka ahakikishe haliwaki.

Kitu kinachoninyima usingizi kuliko vyote ni ubongo. Dereva kapinduka, katoka, kasema niko poa, nusu saa baadae yuko kwenye gari la akiba, na watu wanampigia makofi kwa ujasiri. Ubongo umetikiswa ndani ya fuvu na helmeti haizuii ule mtikisiko, inazuia fuvu lisipasuke. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kuuliza swali lilelile mara mbili, mwanga kumkera, hasira ambazo sio zake, usingizi kuvurugika, hizo ndo dalili na nyingine zinatokea kesho yake. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona linaweza kuvimbisha ubongo na kuua, hasa kwa kijana. Dale Earnhardt Jr., mtoto wa yule Earnhardt na dereva wa NASCAR, alikaa nje nusu nzima ya msimu wa 2016 kwasababu ya hilo, na aliwahi kusema wazi kwamba miaka ya nyuma alishaficha. Mtu mwenye jina na pesa kama yule kaficha, sembuse kijana wa timu ya familia ambaye mjomba wake kakopa kununua tairi. Kwahiyo uamuzi usiachwe kwa dereva, aliyetikiswa ubongo hawezi kujipima. Aliyepoteza fahamu hata sekunde chache, au asiyekumbuka mzunguko wa mwisho, usiku ule kaisha kuendesha, aende hospitali.

Na watazamaji nanyi, sehemu ya kuegesha timu sio pikiniki. Machi 2013 Marysville, California gari la sprinti liliacha njia likaingia huko, likaua watu wawili, mmoja mtoto wa miaka 14. Jukwaani panda juu, usimkalishe mtoto safu ya kwanza kwenye uzio, tairi likichomoka halichagui.

Kijana mmoja aliniuliza baada ya somo, mwalimu nina hela kidogo nianze na nini. Nikamwambia kiti, mikanda, HANS na helmeti, halafu kinachobaki ndo utafute injini hata iwe ndogo, wengi wanafanya kinyume na mimi siwaelewi. Akasema atanunua vya mtumba. Fremu ya mtumba muite fundi aikague, bomba la keji lililokunjwa likanyooshwa limeshachoka. Kiti kilichopita kwenye ajali kubwa usikiguse. Helmeti fungua kitambaa cha ndani utafute stika ya Snell, taasisi inayopima helmeti, yenye herufi SA, yenye M ni ya pikipiki na haikupimwa kwa moto. Mikanda inashonwa lebo ya SFI (shirika la viwango vya vifaa vya mbio) yenye tarehe na muda wake ni miaka 2 tu, jua na methanoli vinakula nyuzi huku rangi bado inang'aa. Aliniletea picha ya mikanda aliyoipata kwa bei ya kutupa, mizuri kwa macho, pale pa lebo pamekatwa na mkasi. Nikamwambia arudishe.