Uvimbe wa kichwani unaoshuka mgongoni: maswali ya wazazi kuhusu meduloblastoma

Meduloblastoma ni nini?
Ni saratani inayoota kwenye serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inayomwezesha mtu kutembea bila kuyumba. Ni ugonjwa adimu, ila kati ya saratani za ubongo wa watoto ndiyo inayoongoza.

Inafikaje mgongoni?
Kwa maji. Ubongo na uti wa mgongo (kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo) vimezungukwa na maji yaleyale, nayo hayatulii. Uvimbe huu huota kando ya njia yake, seli zikabanduka, zikachukuliwa na kutua huko chini. Takriban theluthi moja ya watoto hugunduliwa ikiwa tayari imesambaa.

Dalili zake?
Kichwa kuuma na kutapika, hasa alfajiri, kwa kuwa uvimbe huziba njia ya maji na shinikizo kupanda kichwani. Akishatapika hupata nafuu, na hapo ndipo tunapodanganyika: anapewa dawa ya malaria, kisha ya minyoo, na wiki zinakwenda. Mtoto anayetapika asubuhi mara kwa mara bila homa, na sasa anapepesuka au anaona vitu viwili viwili, apigwe picha ya kichwa. Tafadhali msingoje.

Mwanangu haumwi mgongo. Kwa nini apimwe mgongo mzima?
Kwa sababu mbegu ndogo za saratani hukaa kimya. Maumivu ya mgongo, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo huja baadaye. Hufanywa MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya ubongo na mgongo wote, kisha maji huchukuliwa kwa sindano kiunoni, kwa kawaida wiki mbili hivi baada ya upasuaji. Najua sindano hiyo inavyoogopwa kwamba inapoozesha. Lakini huchomwa chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, kwa hiyo haiugusi.

Inatibika?
Ndiyo, wengi hupona. Uvimbe hutolewa kwa upasuaji, kisha mionzi hupigwa kichwani na mgongoni kote, pamoja na dawa za saratani. Kipimo cha mionzi mgongoni huwa karibu grei 23.4 (grei ni kizio cha kupimia mionzi) ikiwa saratani haijasambaa, na 36 ikiwa imesambaa. Kwa walio chini ya miaka 3, madaktari hujitahidi kuikwepa mionzi au kuichelewesha, maana huumiza ubongo unaokua. Baada ya tiba, masikio, kimo na maendeleo ya shuleni yafuatiliwe kwa miaka, hata mtoto akionekana mzima.