Je, wajua kwa nini daktari wa moyo huuliza unalalia mito mingapi?

Mgonjwa anaingia kwa daktari akilalamika kwamba anaishiwa pumzi na miguu inamvimba, na kabla hata ya kupimwa shinikizo la damu anaulizwa swali linaloonekana halihusiani kabisa na maradhi yake: usiku unalalia mito mingapi? Nililisikia swali hilo kwa mara ya kwanza nilipomsindikiza baba yangu mkubwa hospitalini, nikadhani daktari anataka kujua kama shingo inamsumbua. Baba mkubwa alijibu kwamba mwanzoni mwa mwaka alikuwa akilalia mto mmoja, baadaye miwili, kisha mitatu, na kwamba kwa wiki mbili alikuwa analala ameketi kitini. Kuanzia hapo mazungumzo yote yakawa juu ya moyo.

Nyumbani tulikuwa tumeamini kwa miezi kadhaa kwamba tatizo lake ni mapafu. Tulifungua madirisha, tukabadilisha mito tukidhani ina vumbi, na mahali pa kwanza alipotibiwa alipewa dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo. Kosa hilo lina mantiki yake, kwa sababu kupumua ni kazi ya mapafu, na kwa sababu majimaji yakijaa kuzunguka njia ndogo za hewa huzibana, kifua kikatoa mlio wa filimbi unaofanana sana na wa pumu. Hali hiyo imeitwa kwa miaka mingi pumu ya moyo, ingawa si pumu hata kidogo. Jina la ugonjwa wenyewe nalo hupotosha: mtu akiambiwa moyo wake umeshindwa, huelewa kwamba umesimama au unakaribia kusimama, ilhali maana yake ni kwamba moyo unaendelea kupiga lakini hauwezi kusukuma damu ya kutosha mahitaji ya mwili, au unaweza tu kwa gharama ya shinikizo kubwa nyuma yake.

Hata baada ya kuelezwa kwamba ni moyo, nilibaki na kosa la pili, na hili ndilo nimelisikia kwa watu wengi zaidi. Niliona miguu imevimba mchana, nikaona pumzi inakatika usiku, nikahitimisha kwamba mtu akilala maji ya miguuni hutiririka moja kwa moja hadi kifuani, kama maji ndani ya chupa iliyolazwa. Mwili hauna nafasi tupu ya namna hiyo. Majimaji ya miguuni yamenaswa katikati ya seli, kama maji ndani ya sifongo, na hakuna mfereji unaoyapeleka kwenye mapafu. Njia pekee yaliyo nayo ni kurudi kwanza ndani ya damu, kupitia mishipa midogo sana au mishipa ya limfu (ile inayokusanya maji yaliyobaki kati ya seli), na jambo hilo huchukua saa nyingi. Baba mkubwa, kwa upande wake, alikuwa akikosa pumzi dakika chache tu baada ya kuweka kichwa chini. Kwa hiyo kitu kinachohama kwa haraka hivyo ni damu yenyewe.

Mtu akisimama, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi hushuka na kutulia kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, za miguu na tumbo. Shinikizo ndani ya vena za kifundo cha mguu wa mtu aliyesimama tuli hufikia takribani milimita 90 za zebaki. Akilala, shinikizo hilo hushuka hadi karibu na 10, na ile nusu lita hurudi moyoni. Mimi na wewe hatuhisi chochote. Ili kuelewa kwa nini mwingine huhisi anazama, ni lazima tuutazame moyo kama ulivyo, yaani pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia hupokea damu kutoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu, ya kushoto huipokea kutoka kwenye mapafu na kuisambaza mwilini. Mapafu yapo katikati.

Wafikirie watu wawili wanaopokezana ndoo za maji. Wa kwanza anampa wa pili, wa pili anazipeleka mbele, na nafasi iliyo kati yao ni ndogo. Wakienda kwa mwendo mmoja, hakuna ndoo inayokaa chini. Sasa ongeza ndoo zinazomfikia wa kwanza. Kama wote wawili wana nguvu, wataongeza mwendo pamoja. Kama wa pili amechoka, ndoo zitarundikana katikati, na nafasi iliyo katikati ni mapafu. Tofauti inayotosha kuleta madhara ni ndogo mno. Chukua moyo unaopiga mara 70 kwa dakika, na useme kwamba pampu ya kulia inasukuma mililita 1 tu zaidi ya ya kushoto kwa kila pigo. Baada ya dakika 10, mililita 700 za damu zitakuwa zimerundikana kwenye mapafu. Kwamba pampu hizi mbili hulingana siku nzima, maisha yote, bila mtu yeyote kuzisimamia, ni jambo ambalo sijaacha kulistaajabia.

Kinachozilinganisha ni tabia ya misuli ya moyo iliyoelezwa na Otto Frank huko Ujerumani na Ernest Starling huko Uingereza: kadiri msuli unavyovutwa na damu inayoingia, ndivyo unavyojikaza kwa nguvu zaidi pigo linalofuata. Ni kama manati, ukivuta mpira kidogo jiwe huenda karibu, ukivuta zaidi huenda mbali. (Mfano huu una mpaka wake, kwa kuwa msuli hai si mpira, sehemu ya nguvu hiyo hutokana na nyuzi zake kuwa sikivu zaidi kwa kalsiamu zinapovutwa.) Moyo uliodhoofika ni manati yenye mpira uliolegea: unauvuta zaidi, na jiwe linaangukia palepale. Damu ya ziada ikiingia haitoki, na shinikizo linapanda kurudi nyuma hadi kwenye mishipa midogo ya mapafu.

Huko nako Starling alikuwa ameeleza, mwaka 1896, kinachofuata. Protini za damu huyavuta maji yabaki ndani ya mishipa kwa nguvu ya takribani milimita 25 za zebaki, na shinikizo linaloyasukuma nje kwenye mapafu ya mtu mzima wa afya ni dogo kuliko hapo, kama 7 hadi 12. Shinikizo hilo likipanda vya kutosha, maji huanza kuchuja kuingia kwenye tishu, na mapafu huwa mazito na magumu kutanuka. Mto wa pili hupunguza damu inayorudi. Wa tatu hupunguza zaidi. Mgonjwa, bila kufundishwa na mtu, anakuwa amejipimia dawa.

Kuna pia shambulio la pili, linalomwamsha mtu saa moja hadi tatu baada ya kupata usingizi, akakurupuka na kukaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, akitafuta hewa. Hapa ndipo yale majimaji ya miguuni yanapoingia kweli, yakiwa yamerudi polepole ndani ya damu. Zipo sababu nyingine zinazotajwa, kama vile ubongo kupunguza msukumo wa kupumua wakati wa usingizi, na mchango wa kila moja haujapimwa vizuri. Majimaji hayohayo yakifika kwenye figo hugeuka mkojo, ndiyo maana wagonjwa wengi huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo.

Idadi ya mito peke yake haithibitishi ugonjwa. Unene uliozidi, ujauzito mkubwa, kiungulia na maradhi makali ya mapafu humfanya mtu anyanyue kichwa, na wapo wanaopenda tu kulala hivyo. Vilevile, kwa walioishi na ugonjwa muda mrefu mishipa ya limfu ya mapafu hupanuka, wakastahimili shinikizo ambalo lingemzamisha mtu mwingine. Kinachobeba uzito ni badiliko, kutoka mto mmoja kwenda mitatu. Kisha daktari hubonyeza ugoko kwa kidole gumba sekunde chache aone kama kishimo kinabaki, hutazama vena ya shingo, na huagiza picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti pamoja na kipimo cha damu cha homoni ya BNP. Homoni hiyo iligunduliwa Japani mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe na ikapewa jina la ubongo, ingawa kwa binadamu hutoka zaidi moyoni.

Matibabu nitayataja kwa kifupi. Dawa za kukojosha kama furosemidi huondoa maji na kuleta nafuu ya haraka. Zinazorefusha maisha ni nyingine, zikiwemo enalaprili, iliyothibitishwa kwa wagonjwa mahututi mwaka 1987, na dapagliflozini, dawa ya kisukari ambayo mwaka 2019 ilionekana kuwafaa hata wagonjwa wa moyo wasio na kisukari. Mgonjwa hushauriwa kujipima uzito kila asubuhi, kwa kuwa ongezeko la zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji, na ni sababu ya kumpigia daktari simu siku hiyohiyo. Anayekosa pumzi hata akiwa ameketi, au anayekohoa povu la waridi, apelekwe hospitalini mara moja.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walieleza dalili nyingine ya jamii hii. Waliwaomba wagonjwa 102 wenye moyo dhaifu wakae kitini na kuinama kana kwamba wanafunga kamba za viatu, na zaidi ya robo yao waliishiwa pumzi ndani ya sekunde 30, kwa sababu kuinama hupandisha shinikizo kwenye moyo ambao tayari umejaa. Baba mkubwa alikuwa ameacha kuvaa viatu vya kamba miezi mingi kabla ya ule mto wa pili.