Kinachong'aa kwenye picha si sukari ya chai yako

Ile picha inayozungushwa WhatsApp, ya mwili wenye uvimbe unaong'aa, naijua vizuri. Kusoma picha kama hizo, za kipimo cha PET, ndiyo kazi yangu: mgonjwa huchomwa kemikali yenye mionzi, nasi tunapiga picha ya pale inapokusanyika. Kinachonichosha ni maelezo yake: "Saratani inakula sukari, inyime ife njaa." Wiki hii yameletwa tena, na mgonjwa aliyekwisha kukonda.

Kwanza, hatumchomi mtu glukosi, ile sukari ya kwenye damu. Tunamchoma FDG: glukosi iliyoondolewa haidroksili (kipande cha oksijeni na hidrojeni) ya kaboni namba 2, ikapachikwa florini-18 yenye mionzi. Seli haing'amui, inaipokea. Kimeng'enya kiitwacho heksokinesi kinaibandika fosfeti, kisha basi: kimeng'enya kinachofuata kinaitaka ile haidroksili, na haipo. Kusonga mbele haiwezi, kutoka nje fosfeti inaizuia. Ni panya mtegoni, nasi tunahesabu panya.

Kwa hiyo picha inasema seli hizi zinaingiza glukosi kwa pupa. Glukosi hiyo imetoka wapi, haisemi! Acha ugali, wali na ndizi leo; ini litatengeneza glukosi kutokana na asidi amino za misuli yako, maana mwili hauruhusu damu iishiwe. Uvimbe utaendelea kujichotea humohumo. Atakayepungua ni mgonjwa, na dawa za saratani humpiga vibaya aliyedhoofu. Soda nyingi zina ubaya wake kupitia unene, nakubali, lakini hilo ni jambo jingine.

Tena ubongo hung'aa kila siku, mbona hamuunyimi? Kifua kikuu nacho hung'aa, na kwetu huku mitoki inayowaka huniumiza kichwa: saratani au TB? Mara nyingi picha peke yake hainipi jibu, nasubiri kinyama kipimwe. Saratani nyingi za tezi dume, kwa upande wake, hufifia.

Mwanabiokemia Mjerumani Otto Warburg aliiona pupa hii miaka ya 1920, akadhani mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zimeharibika. Katika saratani nyingi bado zinafanya kazi. Siku hizi tunasema seli zinatafuta malighafi ya kujijenga. Nalifundisha hilo, ila halijaniridhisha.

Na kule kufunga saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo si kuitesa saratani. Ukila, insulini inapanda, misuli inainyakua FDG, picha inaharibika. Anayekuja ameshiba chapati tunamrudisha, na dozi yake haimngoji: florini-18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110.